Kinanda cha Baba na Mafuta ya Nazi

Baba alipofariki, mama alinikabidhi kinanda chake cha mkono kikiwa ndani ya kasha lake la ngozi. Akaniambia, "Kaka zako watanuna, binti yangu, lakini baba yako alisema kiende kwako. Wewe ndiye uliyekuwa unanawa mikono kabla ya kukishika."

Kilikuwa konsatina, kinanda kidogo cha pembe sita kinachopigwa kwa mikono miwili. Pande zote mbili kina vitufe, na katikati mvukuto wa ngozi unaokunjuka ukikivuta na kukunjana ukikibana. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya misheni huko kwetu Njombe, na alikipata kwa mmisionari mmoja aliyekuwa anarudi kwao uzeeni. Kasha lilionekana kuukuu kuliko kinanda chenyewe. Ngozi yake ya kahawia ilikuwa imechubuka pembeni, bizimu lilikuwa la shaba, na ndani kulikuwa na mahameli mekundu yaliyofifia mahali mvukuto ulipokaa miaka yote.

Nilifika nacho Mtwara mwaka 1967, nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi mjini. Barabara ya pwani ilikuwa imeharibiwa na mvua, kwa hiyo nilikuja kwa meli, na muda wote kasha nililipakata mapajani kama mtoto. Nikapanga chumba mtaa wa Chikongola, nyumbani kwa mama mmoja mjane wa makamo. Binti zake walikuwa wameshaolewa, na alikuwa na shamba la mikorosho na mihogo kijijini Ziwani alikokwenda kila baada ya siku chache. Mumewe enzi za uhai wake alikuwa fundi wa makubadhi. Kiatu chake cha mwisho, cha mguu wa kushoto, kilikuwa bado kimetundikwa ukutani ukumbini, hakina mwenzake.

Wiki za kwanza sikuthubutu kupiga. Yule mama alikuwa mtu wa swala tano, nami Mkristo mgeni niliyehifadhiwa kwake. Siku moja akaniuliza, "Mwalimu, chinanda chako chinaumwa?" Alikuwa anasema hivyo, kinanda akikiita chinanda, kama watu wengi wa kule.

"Hakiumwi, mama. Naogopa kukusumbua."

Alifikiri kidogo. "Basi piga baada ya alasiri. Ikikaribia magharibi, chilaze."

Ikawa hivyo. Nilipiga jioni kwenye kibaraza cha uani, yeye akimenya mihogo. Hakuwahi kusifu wala kulaumu wimbo wowote. Kilichomvutia ni kasha. Alilipapasa kwa kidole gumba, akainama akalinusa, akaniambia ni ngozi ya ng'ombe aliyekula vizuri. Nilimweleza niliyofundishwa na baba: usivute mvukuto bila kubonyeza kitufe, maana utaupasua, usikiache wazi, usikianike juani. Alisikiliza kwa makini kuliko darasa langu lolote.

Mtwara haikuwa Njombe. Kule kwetu baridi ilikausha kila kitu. Huku hewa ilikuwa na chumvi na unyevu, na baada ya miezi michache nilikuta ukungu wa kijani umeota kwenye mkanda wa kasha. Niliufuta kwa kitambaa kikavu nikiwa na wasiwasi. Yule mama alinitazama akasema, "Ngozi inataka kulishwa, mwanangu. Mume wangu alikuwa anailisha."

Nilidhani ni maneno tu. Mwezi wa Desemba nikaenda likizo Njombe, nikamwachia ufunguo wa chumba ili afungue dirisha hewa ipite. Kinanda nilikiacha juu ya kabati.

Niliporudi Januari, mvua zikiwa zimekolea, alinipokea mlangoni kwa furaha. Hata mzigo sikuwa nimetua. "Nenda ukachitazame chinanda chako," alisema. "Nimechitunza."

Nilipoingia chumbani nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Nazi. Kasha liling'aa kuliko siku yoyote niliyolijua. Lakini pembe yake ya nyuma, ile iliyotazama ukuta, ilikuwa na tundu la kuingia ngumi ya mtoto, na kingo za tundu zilikuwa na alama za meno ya panya. Nikafungua bizimu. Mvukuto nao ulikuwa umepakwa mafuta, mkunjo kwa mkunjo, ukalainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Gundi ilikuwa imeachia. Mikunjo miwili ilikuwa imeliwa kabisa. Nilipobonyeza kitufe, kilitoa pumzi tu.

Nilikaa kitandani nikiwa nimekishika. Nilimwona baba akiwa amevaa koti lake la Jumapili, akikifuta kwa leso kabla ya kukirudisha ndani. Halafu nikasikia kandambili za mwenye nyumba zikija hadi mlangoni.

"Umechiona?"

Nilifunga kasha upesi. "Nimekiona, mama. Ahsante sana."

Akatabasamu, akaenda zake jikoni. Ndivyo nilivyoingia kwenye uongo ambao sikujua njia ya kujitoa.

Kwa wiki tatu sikupiga. Kwanza nilisema mkono unaniuma, kisha nikasema nina madaftari mengi ya kusahihisha. Hakuniuliza tena, lakini jioni aliendelea kukaa palepale uani na mihogo yake, kisha akawa anaingia ndani mapema.

Mwishowe nikakitia kinanda ndani ya kikapu, nikakifunika kwa khanga, nikakipeleka kwa fundi viatu aliyekaa karibu na soko. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya Ruvuma. Alivuka mto kwenye kivuko cha Kilambo na jamaa zake kwa sababu ya vita vya kwao, na nilisikia kwamba ujanani alitumika misheni akitunza vinanda vya kanisa. Alikifungua kwa bisibisi ndogo, akatoa upande mmoja, akanionyesha ndimi nyembamba za shaba zinazotoa sauti, zilizopangwa kwa mduara ndani.

"Hizi nzima," alisema. "Zina kutu kidogo tu. Ugonjwa uko kwenye mvukuto. Nani alipaka mafuta?"

"Mimi," nikasema.

Alinitazama, akarudisha macho kwenye kazi. "Aliyepaka hakuwa na haraka. Ameingia kila mkunjo, mpaka chini kabisa ambako mkono haufiki. Lazima alitumia unyoya wa kuku."

Niliikunja khanga iliyokuwa juu ya kikapu.

Akaniagiza vitu viwili: chaki, ili aisage na unga wake unyonye mafuta kwenye mikunjo iliyobaki, na ngozi nyembamba ya mbuzi mchanga. Chaki haikuwa shida, mwalimu hakosi vipande vilivyokwisha mfukoni. Ngozi ndiyo ilikuwa taabu. Alizokuwa nazo zilikuwa nene, za soli.

Siku chache baadaye nilitoka shuleni mchana nikamkuta mwenye nyumba amekaa ukumbini, kabati la marehemu mumewe liko wazi, na mapajani ana furushi la ngozi. Nilimwamkia. Aliitika marahaba bila kuniangalia.

"Fundi viatu alikuja," alisema. "Kuna mtu kamwambia nyumba hii ilikuwa ya mshona makubadhi, akaja kuuliza kama kuna ngozi laini. Nikamuuliza ya nini. Akasema ya chinanda cha mwalimu, chimeliwa na panya kwa ajili ya mafuta."

Nilisimama na madaftari yangu mkononi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaumia, mama."

"Nimeumia. Na tena nimeumia kwamba umekaa mwezi mzima na msiba humu ndani, nami nakupikia nikidhani umenichoka."

Hapo nikalia. Yeye hakulia. Alinivuta nikae kwenye mkeka, akaanza kukunjua ngozi moja baada ya nyingine, akizipima kwa vidole. Ya chini kabisa ilikuwa nyeupe, nyembamba kama sikio la mbuzi mwenyewe.

"Hii aliiweka anishonee makubadhi ya kwendea harusi ya binti yetu mdogo," alisema. "Hakuwahi."

"Hiyo usiitoe, mama."

"Nikae nayo mpaka lini? Niitunze ukungu uile?"

Kesho yake tulikwenda pamoja kwa fundi. Yule mama alimsalimia, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akasema waziwazi, "Mimi ndiye niliyepaka." Fundi alisimamisha sindano. Akajibu kwa upole kwamba alishajua si mwalimu, kwa sababu mwalimu hana mikono ya mtu anayejua ngozi. Kisha akampa kisu, akamwomba akate yeye, kwa kuwa alimwona anavyoishika ile ngozi. Alikata vipande virefu vyembamba bila kuchora mstari, kama alivyokuwa akimkatia mumewe. Walifanya kazi hiyo siku nne, mimi nikipita kila nikitoka shuleni. Tundu la kasha waliliziba kwa ngozi nene ya soli, nyeusi juu ya kahawia. Kilikuwa kiraka kibaya, nami nilikipenda.

Fundi alitufundisha pia jambo ambalo baba hakulijua. Kasha lisisimamishwe wima, alisema, lilazwe ubavu, maana ndani mna vipande vidogo vya ngozi vya kuzibia matundu ya hewa, na kinanda kikisimama siku nyingi vinalegea na kuning'inia. Na kwa unyevu, tuweke mfuko mdogo wa vipande vya mkaa mkavu ndani ya kasha, tuubadilishe kila wiki.

Kuanzia hapo mfuko wa makaa ukawa kazi ya mwenye nyumba. Alishona miwili kwa kitambaa cha kaniki, mmoja ndani ya kasha na mmoja ukikauka karibu na jiko. Mvua zikizidi alinikataza kupiga. "Leo chipumzike," alikuwa anasema, nami nilitii. Mvukuto mpya ulikuwa mgumu mwanzoni, na sauti moja ya upande wa kushoto haikurudi sawasawa, lakini nyimbo za baba zilipigika.

Nilikaa kwenye chumba kile miaka sita. Mwaka 1973 kijana mmoja wa bandarini, mtu wa Tanga, alitaka kunioa. Wazee wangu walikuwa mbali, wakaandika barua kwamba mwenye nyumba awapokee wageni kwa niaba yao. Walikuja wazee watatu na kijana mwenyewe. Yule mama aliwakaribisha, akawapa kahawa, akaingia chumbani kwangu akatoka na kasha. Akaliweka mbele ya kijana kabla ya neno lolote la posa.

"Huyu ana chinanda," alimwambia. "Chinalazwa ubavu. Makaa yanabadilishwa Ijumaa. Mafuta hachipakwi, hata mtu akikushauri kwa mapenzi. Umesikia?"

Kijana aliwatazama wazee wake, kisha akamtazama yeye. "Nimesikia, mama."

"Hebu niambie nilivyosema."

Akayarudia yote, kwa mpangilio, kama anayesoma orodha ya shehena. Mmoja wa wazee alikohoa kuficha kicheko. Yule mama aliinamisha kichwa kwa kuridhika, akalirudisha kasha chumbani, na alipotoka ndipo akaketi, akajitanda khanga yake vizuri, akawaambia wanaweza sasa kusema kilichowaleta.