Mafuta ya Kondoo ya Melkizedek

Mume wangu Melkizedek alikuwa na kipaji cha kusikia nusu ya jambo na kuifanya nzima. Miaka kumi na minne aliwapeleka watalii kreta, lile bonde la wanyama, kwa Landrova, na kila aliyekaa kiti cha mbele alimwachia elimu fulani. Machi 2002 akampakia profesa mmoja, mama wa makamo, mtafiti wa kansa ya utumbo mpana. Wiki mbili kabla, madaktari walikuwa wamemkuta Melkizedek mwenyewe na kansa hiyohiyo, wakampa tarehe ya upasuaji: nane Aprili.

"Mama Herbert," aliniambia aliporudi, viatu bado mguuni, "kumbe dawa ni mafuta!"

Haki yake nimpe, alieleza vizuri. Ndani ya seli za mwili mna mafuta ya aina nyingi, na aina mojawapo inaitwa seramaidi. Seli ikiharibika, seramaidi hujazana, na hiyo ndiyo amri ya kufa: seli inajikunja, inajikatakata vipande, majirani zake wanavimeza. Seli ya kansa ni jeuri. Huyavunja mafuta hayo mapema ili amri isifike, ikaendelea kuzaana. Profesa na wenzake waliziongezea seli hizo seramaidi kwenye visahani vya maabara, nyingi zikafa.

"Kwenye visahani," nikasema. "Na wewe uvimbe wako uko kwenye kisahani?"

"Mafuta ni mafuta," akajibu.

Hapo ndipo nilipoanza kuchoka. Aprili ni mvua, watalii hakuna, hata kisingizio cha kazi hakuwa nacho. Badala ya kufunga begi, akamwagiza rafiki yake Lembris wa kijiji cha Arash amletee mafuta ya kondoo, yale ambayo Wamasai humnywesha mgonjwa. Kikombe kizima kila asubuhi, ya moto! Mapazia yakanuka, sare za watoto zikanuka. Nikamwambia tumbo litayasaga kama mafuta ya chapati, hayatafika kwenye uvimbe yakiwa seramaidi. Nikamleta mganga wa zahanati, akamwambia vilevile. Yeye anatikisa kichwa tu, kama mwenye siri. Tarehe nane ikapita. Mei ikapita. Suruali zikaanza kumvuka, damu chooni ikaongezeka, nami nikagomba mpaka majirani wakafunga madirisha.

Juni, Lembris akaja mwenyewe na dumu jipya. Nikammwagia hasira zangu zote. Alinisikiliza akishangaa.

"Shemeji, haya sisi tunampa mtu arudishe nguvu baada ya kisu. Aliniambia wamekwisha kumpasua." Akamgeukia mume wangu. "Hebu nione mshono."

Melkizedek hakusogea. Lembris akampandisha shati. Tumbo lilikuwa limekonda, halina hata mkwaruzo.

"Naogopa," Melkizedek akasema, macho chini. "Wakinilaza usingizi, sitaamka."

Miezi miwili na zaidi ya seramaidi, kumbe neno lenyewe lilikuwa hilo! Nililia kwa hasira. Angelisema Machi, ningelimshika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji.

Wiki iliyofuata walimpasua, na akaamka. Daktari aliniita pembeni akaniambia uvimbe umeshafika kwenye ini, na kwamba Aprili huenda ulikuwa haujafika huko. Niliporudi wodini nilimkuta Melkizedek akimwambia nesi, huku anacheka, kuwa usingizi wenyewe hauna lolote.