Ugonjwa Niliouita Uvivu wa Mke Wangu Umenipata na Mimi

Admin, jina langu libaki kwako, maana huku mtaani kwetu Bwiza tunajuana mpaka kwa kikohozi. Nina miaka arobaini na moja, Muislamu, baba wa watoto wawili. Natunza depo ya simenti kule Zone Industrielle, eneo la viwanda. Naandika kwa haraka kwa sababu Ijumaa hii baada ya sala familia mbili, yangu na ya mke wangu, zinakaa nyumbani kwetu kuamua kuhusu ndoa yetu, na mpaka sasa sijui nitasema nini.

Mke wangu nimwite Zawadi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko cha kusikika mpaka nyumba ya tatu. Baada ya kujifungua mtoto wetu wa pili, mwaka jana, akabadilika. Hakulia hata siku moja. Asubuhi namwacha ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Narudi mchana namkuta vile vile. Mtoto analia, yeye anamtazama kama mtoto wa jirani. Analala kutwa na akiamka anasema amechoka. Chakula kikamshinda, nguo zikaanza kumpwaya.

Mama yangu, ambaye tunaishi naye, akasema, "Mwanangu, huyu ni muvivu tu. Mi nilizaa saba, nani aliniona nimelala?" Baadaye akasema ni majini, akaletwa shehe, akamsomea. Shehe alipoondoka Zawadi akaniambia polepole, "Papa Mariamu, mi sina jini. Ni kama nilitoka ndani yangu, na sioni njia ya kurudi."

Nilimjibu neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Basi kama umetoka, uji wa mutoto atapika nani?"

Siku ya tatu baada ya hapo kaka yake akaja kutoka Mutakura, upande mwingine wa mji. Hakukaa hata kwenye kiti nilichompa. Akasema, "Shemeji, jana dada yangu ameniambia kwa simu kwamba watoto wangepumzika kama yeye asingekuwepo. Unajua maana ya maneno hayo? Mi sitamuacha hapa." Akamchukua na mtoto mchanga. Mariamu, binti yetu wa miaka sita, akabaki na sisi.

Nilidhani nitapumzika. Kumbe zamu yangu ndiyo ilikuwa inaanza. Usingizi ukakatika, adhana ya alfajiri inanikuta macho wazi, moyo unapiga kama nimekimbia. Kifua kinabana, shingo inauma. Nikapimwa moyo, wakasema ni mzima. Na hasira! Mlango ukigongwa nakasirika, mtu akinisalimia nakasirika. Mariamu akawa ananyamaza kila nikiingia. Jamani, mtoto wangu alikuwa ananiogopa.

Siku moja pale depo nikampa ishara dereva wa mashine ya kunyanyulia mizigo arudi nyuma, bila kuangalia. Nyuma yake alikuwapo Mzee Rajabu, mpakiaji wetu wa zamani kuliko wote. Watu wakapiga kelele, mzee akaruka, na mifuko ikaanguka pale pale alipokuwa amesimama. Alikuja kwangu anatetemeka. Badala ya kumwomba msamaha, nikamtukana. Mtu wa rika la baba yangu!

Nikaenda kujificha nyuma ya mifuko. Akanifuata. Hakuwa na hasira. "Mwanangu, nakujua miaka mingi. We si mutu mubaya, we ni mugonjwa. Nenda ukaone muganga wa hospitali."

Nikaenda kwenye kliniki ambako kaka yake Zawadi alikuwa amempeleka kutibiwa. Muuguzi akaniuliza kuhusu usingizi, chakula, hasira, na kama kuna kitu chochote bado kinanifurahisha. Nikatafuta jibu la hilo la mwisho, nikalikosa. Akaniambia nina depresyon, yaani sonona.

Nikabisha. "Apana, dada. Huo ni wa muke wangu. Yeye analala, mi silali. Yeye ananyamaza, mi napiga kelele."

Akasema, "Ugonjwa ni ule ule. Mumoja unamulaza, mwingine unamukosesha usingizi. Kuna mutu unamushika mugongo, anameza dawa za mugongo miaka na miaka. Na wanaume wengi unawatokea kwa hasira, watu wanasema ni tabia."

Dawa walizonipa nazificha kwenye kabati la depo. Mama hajui.

Wiki iliyopita nilikwenda Mutakura. Zawadi amenenepa kidogo, na alicheka mtoto alipomvuta ushungi. Nikamwambia yote, nikamwomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini sirudi kwenye nyumba ambayo mugonjwa anaitwa muvivu. Ijumaa sema mbele ya mama yako kwamba na we unatibiwa ugonjwa huu huu. Ukisema, nabeba mutoto tunarudi siku hiyo hiyo."

Mama naye ana yake. "Ijumaa utasema kichwa chake hakiko sawa, umupe talaka, yaishe. Muke mwingine nimeshamuona." Nikimjibu tofauti najua atalia mbele ya wageni, atasema nimerogwa na wakwe. Na kwenye kikao atakuwepo mdogo wake bosi wangu, ni jamaa yetu wa karibu. Tangu siku ile ya Mzee Rajabu bosi ananitazama kwa jicho lingine. Akisikia natumia dawa za kichwa, ataniachia funguo za depo?

Leo ni Jumatano. Mama ameshaanika mazulia ya wageni. Asubuhi nikimfunga Mariamu viatu ameniuliza, "Papa, Ijumaa mama anakuja kukaa, ao anakuja kuaga?" Nikajifanya kamba imenishinda, nikainamisha kichwa.

Ndugu zangu mnaosoma, siulizi kama nimekosea, hilo nalijua. Nawauliza hasa wanaume mliowahi kumeza dawa hizi kwa kujificha: siku mlipomwambia mama yenu, mlianza na neno gani?