Nzi Tuliowafunga Miaka Kumi na Mmoja

Kwa miaka kumi na mmoja nilifunga nzi wa kuvulia samaki katika chumba kimoja nyuma ya jengo la ghorofa mbili mjini Kisii, na muda huo wote sikuwahi kumwona samaki mwenyewe. Nzi hao si wadudu. Ni ndoano ndogo, nyingine hazizidi punje ya mchele, ambazo hufungwa uzi, manyoya ya jogoo na sufu ya sungura mpaka zifanane na mdudu wa mtoni. Tulikuwa wanawake tisa, kila mmoja na jiriwa yake ndogo ya kubania ndoano. Kazi ikikamilika ilitiwa kwenye maboksi ikapelekwa ng'ambo. Ukutani palikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya samaki anayeitwa trauti, mwenye madoa meusi na mstari wa waridi ubavuni. Hatukujua kama ana urefu wa kidole au wa mkono.

Aliyeketi kushoto kwangu alikuwa binti wa Waislamu wa mjini, watu wa duka la vitambaa. Kwa mama yake walikuwa Wagusii wa upande wa Nyamarambe. Kwa baba walikuja na biashara zamani, na wenyewe hawakukubaliana walikuja kutoka wapi. Alinizidi miaka miwili, nami nikawa namwita dada. Karakana ilipofungwa kwa kukosa oda, yeye alirudi dukani na mumewe, mimi nikarudi Ikonge kwa mume wangu, kwenye chai na migomba. Tulionana kwenye harusi na matanga, na kila Januari nilipokwenda kununua kitambaa cha sare za watoto.

Mumewe alifariki mwaka juzi. Nilifika baada ya maziko, kwa kuwa wao huzika siku hiyo hiyo, nikakaa naye mchana mzima. Kisha akakaa eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba. Wiki ile eda ilipoisha alinipigia simu.

"Mdogo wangu, uko shambani?"

"Niko."

"Nimenunua fimbo mbili za kuvulia. Nataka kwenda kumwona yule samaki wa kalenda."

Nilidhani ni majonzi yanasema. Nikamuuliza kama wanawe wanajua.

"Wanajua. Wanasema nimechanganyikiwa. Utakuja au hutakuja?"

Mume wangu aliposikia alicheka kwanza. "Samaki wamejaa sokoni," akasema. "Mnaenda kuwafuata huko mwituni kwa nini?" Mwishowe alisema chai anaweza kuchuma na vibarua kwa wiki mbili, na kwamba mjane hafai kusafiri peke yake. Sidhani alikuwa amekubali. Alikuwa amepata tu sababu ya kutobishana.

Nzi tulijifungia wenyewe, jikoni kwake, kwa siku mbili, kwa jiriwa tulizotoka nazo karakana. Nilichinja jogoo mmoja mwekundu, nyama tukala, ngozi ya shingo nikaipaka chumvi na kuikausha juani pamoja na manyoya yake. Vidole vilikuwa vimenenepa lakini havikuwa vimesahau. Macho ndiyo yaliyosahau, tukawa tunapokezana miwani yake.

Tulisafiri kwa pikapu ya marehemu. Aliendesha yeye, taratibu, jinsi anavyopima kitambaa: bila haraka na bila kurudia. Tulipita Nyamira tukakata kuelekea Kericho, na jioni tukafika kwenye kambi ndogo kando ya mto Kiptiget, unaotoka msitu wa Mau. Mtunza kambi alikuwa Mkipsigis wa makamo, mwenye buti za mpira. Alitazama fimbo zetu, akamtazama dada na mtandio wake, akatazama magoti yangu.

"Nani anajua kurusha?"

"Hakuna," dada akasema.

Asubuhi alitupeleka kwenye nyasi, mbali na maji, atufundishe. Nzi hana uzito, akaeleza. Mshipi ndio mzito, na ndio unaombeba nzi. Unaurudisha nyuma ya kichwa, unangoja unyooke, kisha unausukuma mbele. Kungoja ndiko kulikotushinda.

"Mama, unapiga kama unafukuza kuku kwenye mahindi," aliniambia.

Siku ya kwanza ndoano yangu iliunasa mtandio wa dada mara tatu, na kichaka mara nyingi zaidi. Siku ya pili tuliingia mtoni, maji ya kahawia ya baridi yakatufika magotini, na hatukupata kitu. Jioni mtunza kambi aliomba aone nzi wetu. Aliwageuza kiganjani, akauliza tumewanunua wapi.

"Tumewafunga wenyewe."

Hakuamini. Nikaishikiza jiriwa kwenye ubavu wa pikapu nikamfungia mmoja, wa kahawia, akiwa amesimama pale. Alipokwisha kuona aliuliza kwa sauti ya chini kama ningemfungia sita. Nilimfungia. Wakati nikifanya hivyo nilimuuliza jambo lililokuwa likinisumbua tangu nyumbani. Mimi ni Msabato, na kwetu samaki asiye na magamba haliwi. Picha ya kalenda ilionyesha ngozi laini tu.

"Trauti ana magamba?"

Alifikiri. "Ana ladha," akasema. "Magamba sijaangalia."

Kutoka Kericho tuliendesha siku nzima, Nakuru, Nyahururu, mpaka Nyeri. Tulifika Ijumaa alasiri, tukapanga chumba kwa mama mmoja mwenye shamba linaloteremka hadi mto Gura. Mto huo haufanani na mito yetu. Unapiga kelele. Maji yake ni meupe kwenye mawe na ya kijani kwenye vidimbwi, na ukisimama kando yake inabidi upaze sauti. Jua lilipotua niliweka fimbo yangu kando. Sabato ilikuwa imeingia.

Jumamosi niliketi kwenye mwamba na Biblia, dada akivua peke yake hatua kama ishirini chini yangu. Alikuwa ameanza kurusha vizuri. Mshipi wake ulinyooka, ukatulia, nzi akaelea. Mara fimbo ikapinda. Samaki aliruka nje ya maji mara moja, nikaona mstari wa waridi, na kwa hiyo nikawa nimemwona, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Dada alipiga kelele. Alilitaja jina la mumewe. Akasema, "Njoo ushike wavu!" Kisha akageuka akaniona mimi.

"Wavu!" akasema tena.

Wavu ulikuwa miguuni pangu. Niliutazama.

"Dada, leo ni Sabato."

Alinitazama kwa muda ambao samaki aliutumia kuzunguka jiwe. Mshipi ukakatika. Dada alisimama majini na fimbo iliyonyooka, kisha akatoka upande wa pili akaketi akinipa mgongo. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Niliendelea kukaa. Nilisoma ukurasa ule ule mpaka adhuhuri.

Hatukuzungumza mpaka jua lilipotua. Mama mwenye shamba alituletea chai na viazi, akaona hali, akaondoka. Dada alimaliza kuswali magharibi, akakunja mkeka wake.

"Sikulia kwa sababu ya samaki," akasema.

"Najua."

"Ulisikia nimemwita nani?"

"Nilisikia."

"Basi mbona hukuja?"

Ningeweza kusema tena habari ya Sabato, na isingekuwa uongo. Lakini haikuwa kweli yote. Nilimwambia kwamba niliposikia lile jina nilijiambia hakuniita mimi, na kwamba jambo hilo lilinipa nafuu, kwa kuwa sikujua ningefanya nini na mtu anayemwita marehemu katikati ya mto.

Alimenya kiazi.

"Na kama ningeanguka mimi?"

"Ningeingia."

"Siku ya Sabato?"

"Ningeingia hivyo hivyo nilivyovaa. Samaki alikuwa wako. Wewe ni wetu."

Alikula kile kiazi, akamenya kingine akanipa. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba. Baadaye kidogo aliuliza kama nilimwona vizuri samaki aliporuka, maana yeye alifumba macho. Nikamweleza rangi zake zote, na alitaka niyarudie madoa.

Mto wa tatu ulikuwa Naro Moru, unaoshuka kutoka Mlima Kenya. Ulikuwa mwembamba kuliko nilivyotarajia, mahali pengine unauruka, na maji yake ni maangavu kiasi kwamba changarawe zinahesabika. Baridi yake inapanda hadi kwenye meno. Jumatatu asubuhi mlima ulikuwa wazi, na theluji kidogo juu. Tuliutazama kwa adabu, tukaanza kazi.

Mimi ndiye niliyempata. Sina hadithi ndefu. Nilirusha vibaya, nzi akaangukia nyuma ya jiwe nisilolikusudia, akazama. Nilipovuta ili nirushe tena, kitu kikavuta upande wake. Dada aliingia majini na wavu bila kuitwa, viatu na vyote, akamkinga kwa chini na kumwinua. Alikuwa mdogo kuliko yule wa Gura, kama kiganja na nusu. Alikuwa baridi mkononi na mzito kuliko nilivyodhani. Nikampiga kichwani kwa jiwe, kama tulivyofundishwa Kiptiget, akatulia.

Kwanza nilimkwangua ubavuni kwa mgongo wa kisu. Kwenye kisu palibaki vitu vidogo vya kung'aa, vyepesi kama unga. Nikavitandaza kwenye ukucha nikavaa miwani ya dada. Yalikuwa magamba. Madogo sana, lakini magamba.

"Haya," dada akasema, "dini yako imeruhusu. Mpasue."

Nilimpasua, na kwa kuwa nilikuwa na miwani nikapasua na tumbo lake la ndani nione alikula nini. Mlikuwa na tonge jeusi. Nikalilaza kwenye jiwe, nikalimwagia maji, likaachana. Walikuwa wadudu, kumi na zaidi, wale wanaoishi chini ya mawe kabla hawajaota mbawa. Wembamba, kahawia, kifua kinene, miguu imekunjwa, na nyuma kila mmoja ana nyuzi tatu za mkia.

Katika karakana msimamizi wetu alikuwa na wembe. Ukimfunga nzi wa aina ile kwa nyuzi mbili za mkia badala ya tatu, alimkata mbele yako na ndoano ikarudi mezani. Siku moja alikata thelathini wangu mfululizo. Nilimchukia kwa hilo. Niliamini ni ukaidi wa mtu mwenye madaraka madogo, kwa kuwa ni nani angehesabu mikia majini?

Nilimchomoa nzi wangu kwenye mdomo wa samaki nikamlaza kando ya wale wa kweli. Dada aliinama. Tulikuwa tumemfunga mkubwa kidogo, na wekundu wa jogoo wangu ulikuwa umezidi. Kwingine kote alikuwa yule yule.

"Tatu," dada akasema.

"Tatu."

Alimgusa mmoja wa wale wa kweli kwa ncha ya kidole. "Mimi nilifikiri tunafunga mapambo," akasema. "Miaka yote ile. Nilimwambia mume wangu nafunga mapambo ya kofia za Wazungu, akaniamini mpaka alipokufa."

Tulimchoma yule samaki kando ya barabara, juu ya makaa ya kuazima kwa muuza mahindi. Nyama yake ilikuwa ya waridi hafifu, na haikutushibisha. Muuza mahindi alionja kidogo akasema angekula tilapia.

Tulivua siku mbili zaidi. Dada alipata wawili, akamrudisha mmoja majini kwa sababu, alisema, alikuwa mdogo na mwenye uso wa huzuni. Kisha tukageuza gari. Njiani alizungumza kuhusu mumewe kuanzia Nyahururu hadi Kericho: jinsi alivyokoroma, jinsi alivyopenda kukagua tairi, jinsi walivyogombana mwezi wa mwisho juu ya rangi ya milango ya duka. Mimi nilisikiliza. Mahali palipohitaji kucheka tulicheka. Sijui kama safari ilimponya, na sina hakika mtu huponywa jambo hilo. Aliponishusha Ikonge hakuzima injini.

Tangu hapo amekwenda mara nne, mara mbili na binti yake. Duka amemwachia mwanawe siku za katikati ya wiki. Hunitumia picha kwa simu, naye huniomba nzi, nami humfungia jioni kazi ikiisha. Kurudi mtoni sijarudi. Goti langu la kushoto halipendi mawe, na niliyetaka kumwona nilimwona.

Kesho yake baada ya kufika nilibeba kikapu nikaenda kuchuma chai, kisha nikaipeleka kituoni kupimwa. Karani alinikosa kwa karibu wiki mbili na akataka kujua nilikuwa wapi.

"Nyeri," nikasema.

"Kwa nani?"

"Sina mtu kule."

Alingoja niendelee. Mizani ilitulia, akaandika kilo zangu, na jirani aliyenifuata akapandisha kikapu chake.