Gauni Ambalo Bi Fumua Hakulifumua

Fundi cherehani yule, mtaa mzima ulimwita Bi Fumua. Hakuwa na mchezo! Mshono ukipinda hata kidogo, anafumua. Mteja asimame mlangoni akilia kwamba amechelewa, yeye anafumua tu, huku akimwambia, "Haraka haraka haina baraka, mwanangu. Kaa hapo." Hata mumewe, mwashi mstaafu, aliwahi kufumuliwa suruali akiwa ameshaivaa.

Basi kiharusi kikampiga upande wa kulia, mkono na mguu, na harusi ya kitinda mimba wake imeshakaribia. Gauni lilikuwa limekatwa, liko mezani linangoja. Mabinti wakubwa wote waliolewa na magauni aliyoyashona yeye. Huyu wa mwisho avae la kukodi? Thubutu!

"Tukodi tu, mama," binti alimbembeleza.

"Ukodi, kwani mimi nimekufa?"

Kila asubuhi alijikokota hadi kwenye cherehani, akauweka mguu wa kulia juu ya pedali, akaomba, "Mungu wangu, nguvu zangu ni wewe. Niamshie mguu huu, tena leo." Mguu ukalala palepale kama mgeni asiyetaka kuaga. Mumewe akisogea kusaidia, anatimuliwa: "Niache! Namngoja Mungu, sikungoji wewe." Mzee wa watu anarudi barazani, kanywea.

Siku moja akajaribu kwa mguu wa kushoto peke yake. Gurudumu likarudi kinyumenyume, uzi ukakatika. Akainamia kile kitambaa cheupe, akalia kwa sauti. "Mungu, mimi siwezi. Siwezi kabisa." Maskini, siku zote alizoea kumpa Mungu maagizo, leo ndiyo kwanza anamwambia ameshindwa.

Mwashi akasikia. Akaingia, akaketi sakafuni, akauondoa mguu wake kwenye pedali taratibu kama anayebeba mtoto aliyelala, akaishika pedali kwa mikono miwili.

"We mzee, unafanya nini huko chini?"

"Nasukuma. Wewe ongoza kitambaa kwa mkono wa kushoto."

"Cherehani unaijulia wapi?"

"Siijui. Kusukuma najua."

Mdomo ulishafunguka kumfukuza. Kisha akamtazama. Nguvu alizokuwa akiziomba asubuhi zote zile, lo, hizo hapo: zimekaa sakafuni, zina mvi, zinahema. Moyo ukamjaa, akampenda mzee yule kuliko siku alipoolewa naye.

"Haya," akasema, akilizungusha gurudumu kwa mkono mzima. "Lakini polepole. Hapa hujengi ghorofa."

Weee! Pedali ikaruka, sindano ikatoka mbio, na mshono wa kwanza, ubavuni mwa gauni, ukapinda kama njia ya mlevi. Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Siku zilizofuata wakazoeana, na pindo la chini likanyooka kama rula.

Siku ya kulijaribu, binti akageuka mbele ya kioo, akaona ule ubavu. "Mama, hapa pamepinda. Nikuletee mkasi ufumue?"

Bi Fumua akaupapasa mshono ule kwa vidole vya kushoto. "Uache. Huo niliushona siku sina nguvu hata chembe. Huo ni wa Mungu, mwanangu. Mimi ni nani nimfumue?"

"Wa Mungu!" mwashi akadakia kutoka barazani. "Si nilisukuma mimi?"

"Na wewe ulitumwa na nani?"