Milango ya Shangazi

Shangazi yangu ni fundi zipu. Ukimwambia mtu hivyo anacheka, kisha begi lake linagoma kufunga siku ya safari na kicheko kinaisha. Meza yake iko kwenye kibaraza karibu na kituo cha mabasi. Juu yake kuna kopo la vichwa vya zipu, kipande cha mshumaa cha kusugulia meno makaidi, na cherehani ya mkono ambayo hata mimi sithubutu kuigusa. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na mitatu, lakini mtaani anajulikana kama mke wa Afande Nondo, basi, kana kwamba nayo ni ajira.

Kwa wewe ambaye hukubahatika kusimuliwa habari za Afande Nondo mara mia nne kama sisi, nitafupisha. Miaka kumi na tisa iliyopita, saa kumi alasiri, jambazi mwenye panga alivamia duka la vito sokoni. Watu wakatawanyika. Afande, ambaye siku hiyo hata bunduki hakuwa nayo, akamfuata, akamshushia ngumi moja. Jambazi chini, taya upande. Ngumi ilikuwa nzito kiasi kwamba ilimvunja mkono mwenyewe aliyeipiga, na mpaka leo vidole vyake viwili vya kulia havikunjiki. Ndipo akaitwa Nondo. Picha ya gazeti ya siku ile imetiwa fremu kituo cha polisi, shuleni, kwa kinyozi, na sebuleni kwetu, ambako Baba ameitundika juu kuliko picha ya harusi yake mwenyewe. Mama, kila akifuta vumbi, fremu ile huiruka.

Mwezi uliopita Afande alifikia umri wa kustaafu. Nyumba ya kota ya polisi ilitakiwa kurudishwa, na yeye alikuwa ameshajenga shambani, mahali ambapo ukimwita jirani leo anakuitikia kesho. Lori lilikuwa lije Jumapili. Shangazi hakutaka kwenda. Alimwomba Baba, ambaye ni kaka yake mkubwa, ampe ile stoo ya uani akae.

"Stoo ina saruji," Baba akasema.

"Saruji huhamishwa, kaka."

"Na watu nitawaambia nini? Kwamba mdogo wangu amemkimbia Nondo? Mtu kama yule?"

Shangazi akachukua mkoba wake akaondoka. Chai hakuigusa.

Siku hiyohiyo Baba akanipa kazi ya kuandika wasifu wa Afande, ukurasa mmoja, usomwe kwenye sherehe ya kumuaga pale kituo cha polisi Jumamosi. Nilisoma nusu ya diploma ya uandishi wa habari, na familia iliona nusu hiyo inatosha kabisa kwa ukurasa mmoja.

Nikaanza na swali dogo: panga lilikuwa mkono upi wa jambazi? Kinyozi alisema kulia. Mwalimu mkuu alisema kushoto. Baba alisema mapanga yalikuwa mawili. Nikapanda kiti, nikaishusha fremu, nikaifuta, nikaitazama kwa karibu kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Picha ilipigwa palepale sokoni. Panga liko chini kwenye vumbi. Jambazi ameketi, mdomo wazi, anahema kama mtu aliyekimbia kuliko umri wake, na taya lake liko mahali pake kama langu. Afande amemkamata ukosi kwa mkono wa kushoto. Na mkono wa kulia, ule uliovunjika kwa ngumi dakika chache zilizopita, umefungwa plasta ngumu ya hospitali, nyeupe, safi, mpaka kiwiko.

Nikaketi. Plasta ile huchanganywa na maji, ikafungwa, ikangojwa ikauke. Pale sokoni nani alimfunga, muuza vitunguu? Picha imetazamwa na mtaa mzima miaka kumi na tisa. Kinyozi amenyoa vichwa elfu chini yake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Nikaenda mbio kwa Shangazi. Alikuwa amebana begi la mwanafunzi kati ya magoti.

"Shangazi, plasta ya Afande ilifungwa lini?"

Mikono yake ikasimama. "Umeiona?"

"Si ipo pichani!"

"Ipo. Miaka yote hiyo nangoja mtu mwenye macho." Akachukua mshumaa, akasugua meno ya zipu taratibu. "Kesho Fundi Penseli anashusha milango ya kota airekebishe kabla ya kukabidhi nyumba. Njoo umsaidie kushika. Na baba yako mlete."

"Baba wa nini?"

"Milango ni mizito, mwanangu. Na wewe huna kifua."

Fundi Penseli ndiye seremala wa kota zote. Huitwa hivyo kwa sababu ana mazoea ambayo sijaona kwa fundi mwingine. Kila mlango anaoutengeneza, huandika kwa penseli kwenye ukingo wa upande wa bawaba, pale pasipoonekana mlango ukiwa umefungwa: tarehe, kilichovunjika, na pigo lilitoka upande gani. Anasema bila hivyo, akiitwa tena, ataingiza skrubu kwenye tundu la zamani na kazi itamwaibisha.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa chumbani. Fundi akafungua skrubu za bawaba, mimi na Baba tukaulaza ukutani. Baba akavaa miwani, maana hawezi kuona maandishi bila kuyasoma, hata ya kwenye kopo la rangi.

"'Ngumi, kutoka nje,'" akasoma. "'Teke, kutoka nje. Komeo jipya.' Hii 'kutoka nje' ndiyo nini, fundi?"

"Mpigaji alikuwa nje ya mlango, mzee. Aliyejifungia alikuwa ndani. Ubao hupasukia upande wa ndani, lazima nijue."

Baba akarudi kwenye ukingo, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kwenye mstari wa tatu kikasimama. Tarehe ile anaijua kwa moyo, maana imeandikwa chini ya fremu yake. Mbele yake palikuwa na maneno haya: *Asubuhi. Ngumi, kutoka nje. Ubao wa juu mpya, wa zamani una damu.*

"Asubuhi," akasema Baba.

"Saa tatu. Mke wa Afande alinifuata mwenyewe. Afande alikuwa ameshakwenda hospitali kufungwa mkono."

"Na wewe hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Fundi akatoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. "Kila nikienda kwa kinyozi kunyolewa mlikuwa mnanisimulia ngumi."

Milango ilikuwa mitatu, mistari saba. Tulikuwa kwenye wa bafuni Afande alipoingia, mchangamfu, kofia mkononi.

"Shemeji! Umekuja kunihamisha?"

"Shemeji," Baba akasema, "siku ile sokoni, plasta ulifungwa kabla au baada?"

"Kabla au baada ya nini?"

"Ya ngumi."

Afande akacheka, akamtazama fundi, akautazama mlango uliolazwa, na kicheko kikakatika. "Mambo ya chumbani kwa mtu unayachimbua ya nini? Mke wangu nimemtia adabu, nimemlisha, amekaa. Amelalamika?"

Shangazi akatokea jikoni, cherehani mikononi. Hakumtazama mumewe.

"Kaka, shika upande huu. Ni nzito."

Baba akashika. Afande akasogea mlango wa mbele, lakini pale hapakuwa na cha kufunga, nao ulikuwa umeshashushwa na kulazwa ukutani, na nje majirani wawili walishasimama na ndoo zao. Akawapisha Baba na Shangazi wapite.

Jumamosi mshereheshaji aliita familia isome wasifu wa shujaa. Nilikuwa na karatasi tupu. Baba akasimama, akashika kipaza sauti kama anayeogopa kitamuunguza.

"Familia haina cha kusoma. Dada yangu amerudi nyumbani. Mkono ule ulivunjika asubuhi, kwenye mlango aliokuwa amejifungia. Jambazi mwenyewe alichoka akaketi. Picha hiyo hapo, tazameni plasta."

Akaketi. Kiti kikalia. Kinyozi alikuwa ameinuka kwenda kuitazama picha kwa karibu. Nyuma yake wakafuata wawili, kisha watano, kisha foleni. Afande alibaki meza kuu na mkuu wake, ambaye alikuwa ameanza kumuuliza kitu kwa sauti ya chini.

Tuliporudi, Baba alimkuta Shangazi uani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili. Mara ya kwanza ukaniambia niwe napika mapema. Mara ya pili ukaninyooshea kidole ile picha."

Baba akavua koti la sherehe, akaingia stoo, akaanza kutoa mifuko ya saruji mmoja mmoja. Nilitaka kumsaidia, Shangazi akanizuia.

"Mwache atoe mwenyewe."

Mfuko wa mwisho ulipotoka, Shangazi akaingia, akazunguka, akapapasa ukuta wa nyuma.

"Hapa panataka dirisha."

"Nitatoboa Jumatatu," Baba akasema, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Kesho," akasema Shangazi.