Golikipa wa Mechi Zisizo na Pointi

Cheche zinaruka mpaka mlangoni kwa kinyozi, na kinyozi hatoki nje. Siku nyingine angetoka na taulo begani, apige kelele kwamba atachomewa wateja. Leo Jumatatu asubuhi amekaa kwenye kiti cha kunyolea, ameupa mlango mgongo, anajifanya anasafisha mashine.

Upande wa pili wa ukuta, mwanamume mrefu mwenye mabega mapana anavua miwani ya kuchomelea na kulikagua geti alilokuwa akiliunga. Anacheka kidogo.

"Shemeji amenuna," anasema. "Mkeka wake wa kubeti umechanika, na aliyeuchana eti ni mimi."

Mtaa mzima unamwita Komeo. Ana miaka thelathini na mmoja. Asubuhi ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha. Jioni ni golikipa wa tatu wa timu ya mji inayocheza ligi kuu. Huu ni msimu wake wa saba pale, na hajawahi kucheza hata dakika moja ya ligi.

Mechi za maandalizi, zile za kabla ya msimu, hizo anacheza. Tena anazicheza kwelikweli. Safari hii alikaa langoni mara tatu, hakufungwa, na katika mechi ya mwisho alipangua penalti kwa mguu ilhali mwili umeshalala upande mwingine. Mashabiki walimbeba juu juu.

Kinyozi, ambaye ni kaka wa mkewe, alikuwepo. Tangu siku ile, kila aliyekuja kunyolewa aliondoka na hesabu kichwani: timu haijapoteza mchezo wa maandalizi, langoni hapapitiki, kwa hiyo mechi ya kwanza ya ligi ni pesa ya kuokota. Mwenyewe akaweka fedha alizokuwa anazikusanya anunue kiti kipya.

"Nilimwambia," anasema Komeo. "Shemeji, yale ni mazoezi yenye watazamaji. Kocha anajaribu watu, kipindi cha pili anatoa karibu kikosi kizima. Wale tuliocheza nao, straika wao mkali walimkalisha nje asije akaumia. Sasa hapo utatabiri nini?"

Kwa hiyo hakuna cha kujifunza? Anajikuna shingo.

"Kipo. Utaona nani ana pumzi, mgeni gani anaelewana na wenzake, kocha anataka mpira wa namna gani. Lakini matokeo yaache palepale uwanjani. Usiyabebe kwenda nayo kwenye ligi."

Kinyozi, alipoulizwa, alijibu bila kugeuka. "Sasa hivi anaongea vizuri. Penalti ile niliiona kwa macho yangu. Ningejuaje kwamba hata safari hii hawatampanga?"

Kweli, hawakumpanga. Golikipa wa kwanza, aliyekuwa akiuguza bega, alirudi wiki ileile. Wa pili akaenda benchi. Komeo akapewa tiketi mbili za jukwaani, akaenda na mkewe. Timu ikapigwa tatu bila.

"Goli la kwanza lilitoka kwenye kona," anasema, na sauti inashuka. "Ule mpira niliuona tangu unaondoka mguuni. Mikono ikanyanyuka yenyewe. Nikamkumba mzee wa mbele yangu, kofia yake ikaruka. Akageuka: 'Vipi kijana, umeumwa na nyuki?' Nikamwomba radhi. Mke wangu akanishika mkono, hakuuachia mpaka filimbi ya mwisho."

Mkewe hushona sare za shule sebuleni kwao. Anasema kila mwaka ni hivyo hivyo. Mechi za maandalizi zikianza, mumewe anaimba bafuni na kuwasalimia hata asiopatana nao. Kikosi cha kwanza cha ligi kikitangazwa, nyumba inapoa.

"Anawakataza wenzake kuziamini zile mechi," anasema huku akikata uzi kwa meno. "Na hakuna anayeziamini kama yeye."

Komeo akielezwa hayo, habishi. Posho ya klabu, anasema, haifikii nusu ya anachopata kwenye mageti. Si fedha inayomrudisha uwanjani.

"Kwenye maandalizi ukifungwa, watu wanacheka, mnaendelea. Mimi natamani goli linalouma. Natamani jina langu lisomwe siku ambayo kuna pointi za kupoteza."

Jumapili, siku moja baada ya kipigo, kocha alimwita ofisini. Klabu inamtaka awafundishe makipa wa timu ya vijana, kwa mshahara wa kila mwezi. Sharti ni moja: jina lake litoke kwenye usajili wa wachezaji kabla dirisha halijafungwa Ijumaa.

"Ni heshima hii, mdogo wangu," kocha alimwambia. "Wewe ni mwalimu."

Alirudi nyumbani bila kumpa jibu. Leo, kabla hajawasha mashine, alimpigia kocha simu na kumwomba abaki kwenye usajili msimu huu mmoja. Kocha akamwambia hawezi kumshikia nafasi ya ualimu.

"Nikamwambia asinishikie," anasema Komeo.

Inakaribia saa saba mchana kinyozi anapochungulia. "Wewe, njoo nikunyoe. Kichwa kimekuwa kichaka, unanifukuzia wateja."

Komeo anakaa kwenye kiti kikuukuu kinachoinama upande mmoja. Mashine inanguruma kwa muda.

"Jumamosi tunacheza na nani?" kinyozi anauliza.

"Usinibetie, shemeji."

"Nani kasema kubeti? Nauliza ili nije."

Komeo anajitazama kwenye kioo. Anasema hachagui mechi. Hata kama ni dakika ya mwisho, timu imeshapigwa tano, mvua inamwagika na watu wote wameshakwenda zao, yeye ataingia.

Maneno hayo alikuwa ameshamwambia mkewe jana jioni, wakikunja sare pamoja.

"Wote hawataondoka," mkewe alimjibu. "Mimi nitakuwepo. Ila nitakuja na mwavuli, usije ukanionea haya."