Lijamu Moja kwa Vinywa Vyote

Ninaandika haya kwa sababu taarifa iliyobaki katika jalada la shamba ni ya uongo, na aliyelitunza jalada hilo ni mimi.

Enzi za mashamba ya ngano ya serikali pale Hanang, mvua ikinyesha, udongo mweusi ulizamisha hata trekta. Ndiyo maana tulikuwa na farasi wachache wa kuzungukia mipaka, ng'ombe wasiingie kwenye ngano. Mwerevu mmoja wa makao makuu aliwaorodhesha chini ya Idara ya Mitambo. Mkuu wao akawa mhandisi, bwana aliyejua kila jino la gia, lakini hakuwahi kuangalia kinywa cha mnyama, isipokuwa cha mbuzi aliyekwisha kuchomwa.

Bwana huyo aliagiza malijamu, yaani vile vyuma vya mdomoni vinavyoshikana na hatamu, ya kipimo kimoja: manene, mafupi, yaliyonyooka. Trekta za aina moja, alisema, hutumia vipuri vya aina moja. Basi farasi jike mmoja mwekundu akaanza kutikisa kichwa na kutoa ulimi pembeni, hatimaye akamwangusha mlinzi wa mpaka aliyempanda. Mhandisi akaandika: "Mkorofi. Apigwe risasi Ijumaa."

Mlinzi yule, mzee mfugaji wa Nangwa, alikuja ofisini kwangu akichechemea. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Sikuja kwa ajili ya mguu. Twende ukaone."

Bandani alimwingiza jike yule kidole gumba mdomoni, pale pasipo na meno, kama wafanyavyo kwa ng'ombe kabla ya kumnunua, na kinywa kikafunguka. Ulimi ulikuwa mnene, paa la kinywa liko chini, pembe za midomo zimechubuka.

"Ulimi umejaa chumba kizima," akasema, "na bado mnamletea mpangaji."

Mhandisi alikuwa amefika nyuma yetu. "Mzee, huyu si ndama wako."

"Ndama ningemwonea huruma mapema zaidi, mwanangu. Tia chuma hiki mdomoni mwako, kisha utusomee taarifa."

Mafundi aliokuja nao wakacheka. Mhandisi aliniuliza mimi nani aliniruhusu kutoka ofisini.

Mzee alipima kwa ukanda wa ngozi, kutoka pembe ya mdomo hadi pembe, akaongeza kidogo kila upande. Mhunzi wa karakana akafua chuma chembamba, kirefu kuliko kile cha kwanza, kilichopinda katikati ili ulimi upate nafasi. Ijumaa asubuhi, bunduki ikiwa tayari imetolewa stoo, mzee alipanda, akaenda hadi mpaka wa upande wa Endasak na kurudi. Ulimi wa jike yule ulikuwa ndani, masikio yametulia. Bunduki ikarudishwa.

Mhandisi akaandika: "Farasi amejirekebisha baada ya kupewa onyo." Akaniletea nigonge muhuri.

Nilikataa. Akaugonga mwenyewe, juu chini. Yeyote atakayelifungua jalada lile atauona hivyo hadi leo, na ajue kwamba mkono ule haukuwa wangu.